Shemeji anasema milioni moja na laki tatu, Dar wanasema milioni nne na laki sita

SWALI

Ami, shikamoo.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tanga, naishi Sahare, nina mke na watoto watatu. Mwezi wa tano nilipokea gari langu kutoka Japani, Toyota Harrier ya mwaka 2014, nyeupe ya lulu. Nimelihangaikia miaka sita. Kazi inanipeleka Horohoro kila wiki na Dar mara mbili kwa mwezi, na barabara imeshaanza kulila. Kwenye boneti nimehesabu alama nne za kokoto, moja imefika kwenye bati. Halafu wiki mbili zilizopita bodaboda alinikwangua bampa la mbele pale Mabanda ya Papa, nikalipeleka kwa fundi Makorora likapulizwa rangi upya.

Nataka nilifunike kwa PPF, ile plastiki angavu ya kulinda rangi. Nimepewa bei tatu na zote zimenichanganya.

Wa kwanza ni kijana wa hapa hapa Tanga, rafiki wa shemeji yangu, yaani mdogo wake mke wangu. Anataka 1,300,000 gari zima. Anakuja nyumbani na rola lake, anaanza saa 2 asubuhi, magharibi kazi imekwisha. Wa pili yuko Dar. Gari zima 4,600,000 kwa siku nne, waranti miaka 7. Mbele tu, yaani bampa, boneti, fenda mbili, taa na vioo vya pembeni, ni 1,900,000. Wa tatu ameniambia niachane na plastiki, anipake seramiki ya 9H kwa 450,000, eti kokoto haitaingia tena.

Akiba yangu ni 2,000,000. Mke wangu anasema nikizidisha hapo nakula ada ya watoto ya Januari, na ana haki. Shemeji naye amenuna. Anasema plastiki ni plastiki, kwa nini niwatajirishe watu wa Dar wakati mtoto wa nyumbani anatafuta riziki. Ami, tofauti hii yote inatoka wapi? Nikope niende Dar, au nimpe kijana kazi yake nimalize maneno?

Mwenye Harrier, Sahare

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa gari. Mtu aliyesubiri miaka sita ana haki ya kuumia kwa kila kokoto.

Usikope. Wala usifunike gari zima, si kwa milioni moja na laki tatu, si kwa milioni nne na laki sita. Funika mbele tu, kwa mkono mzuri, na si mwezi huu. Akiba yako inatosha na ada ya watoto inabaki pale pale. Nitakueleza sababu moja moja, maana shemeji yako atakuuliza na inafaa uwe na la kumjibu.

Anza na mahali kokoto inapopiga. Ukitoka Chalinze kuja Segera unafuata nyuma ya malori, na tairi la lori huokota kokoto na kuirusha nyuma. Inakukuta wewe unayekuja kwa kasi, inatua kwenye bampa, ukingo wa boneti, ncha za fenda na migongo ya vioo. Katika miaka 27 ya kupuliza rangi Ngamiani sijaletewa paa lililotobolewa na kokoto ya lori. Milango huletwa kwa mikwaruzo ya baiskeli za watoto na magunia, na mingi ya hiyo hutoka kwa polishi. Kwa hiyo ile 2,700,000 inayotenganisha kazi ya mbele na gari zima kwa yule wa Dar, wewe ungeitumia kulinda mahali ambapo hapapigwi sana.

Lakini mbele palinde kwelikweli, kwa sababu ya rangi uliyonayo. Fungua boneti utafute kibao cha gari, usome mstari wa C/TR. Kama imeandikwa 070, hiyo ndiyo nyeupe ya lulu ya Toyota, na ni rangi ya tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu yenyewe, halafu klia, ile rangi angavu ya kung'arisha, juu. Uzito wa lulu ukizidi au ukipungua kidogo tu, boneti litakuwa na weupe wake na fenda na weupe wake. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hapulizi boneti peke yake. Anaivuta rangi mpaka kwenye fenda za pande zote mbili ili jicho lisione mpaka, nawe unalipa vipande vitatu kwa ajili ya kimoja. Gharama hiyo ndiyo unayotaka kuikwepa, na ndiyo ya kupimia kila bei uliyopewa.

Wa seramiki tummalize upesi. Seramiki ni dawa nzuri, huifanya rangi ing'ae, maji yateleze na uchafu utoke kirahisi. Ila unene wake ni maikroni chache (maikroni elfu moja ni milimita moja), mara nyingi hata moja haifiki, wakati PPF ina maikroni 150 hadi 200. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu kwa kalamu ya risasi: unakwangua kwa kalamu laini, kisha ngumu, mpaka ngumu kupita zote. Kokoto inayokujia ukiwa na kasi ya kilomita 80 haijui habari za kalamu. Anayekuambia seramiki inazuia kokoto ama hajui anachouza, ama anajua, na yote mawili yanatosha kumwacha.

Sasa twende kwenye hasira ya shemeji, kwamba plastiki ni plastiki. Hapo hakusema kweli, ingawa simlaumu, kwa macho zinafanana. PPF nzuri ni ya plastiki iitwayo TPU. Inavutika kama mpira na kurudi, na mkwaruzo mwepesi juu yake hujifunga wenyewe ukipata jua kali au maji ya moto. Ya bei ya chini mara nyingi ni PVC. Ni ngumu, ukiivuta inabaki imevutika, na jua huifanya manjano kisha ikakauka na kupasuka. Kuna inayouzwa kwa jina la TPH ikasifiwa kama TPU, lakini kimsingi ni PVC iliyolainishwa. Hata ndani ya TPU kuna aina mbili. Iitwayo aromatiki hugeuka manjano ikipigwa na jua, na iitwayo alifatiki ndiyo inayohimili. Kwenye gari jeusi umanjano unaweza kujificha. Kwenye lulu yako, na kwa jua hili la pwani, utaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Muulize kijana swali moja tu la hesabu. Rola la PPF kwa kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, na gari la ukubwa wa Harrier humeza karibu rola zima, pengine na zaidi. Mwambie akutajie anunuapo rola lake ni shilingi ngapi. Akishataja, toa kwenye 1,300,000 uone kimebaki nini cha kumlipa yeye, msaidizi wake, na kipande kitakachoharibika (na kipo, hata kwa fundi bingwa). Ikiwa hakibaki kitu, basi ama rola si lile analolisema, ama yuko mahali ambako atakata kona ili apate chake. Muulize kwa upole, si kwa kumkamata. Huenda ana jibu. Hana kodi ya jengo, huenda alipata rola kwa bei ya jumla, huenda anajifunza na anataka jina. Bei ndogo peke yake haimfanyi mtu mwizi.

Nyenzo, lakini, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mikono, na hapa nitakueleza yaliyonikuta.

Miaka michache iliyopita nilimruhusu kijana mmoja afunike boneti la gari la binti yangu. Nilikuwa na haraka, bei ilinipendeza, nami nilijiona najua rangi kiasi kwamba hakuna wa kunidanganya. Aliitandaza plastiki juu ya boneti kisha akaikata hapo hapo juu ya gari, kwa wembe, akifuata ukingo wa taa. Ilipendeza siku hiyo. Kufika mwezi wa nne kona zikaanza kunyanyuka na vumbi likaingia chini yake, likaacha mstari mweusi kama wanja. Nikaivua mwenyewe, polepole, kwa hewa ya moto. Chini yake nikakuta mstari mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye taa ya kushoto unazunguka mpaka karibu na nembo. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Sehemu mbili wembe ulipita klia na rangi ukafika kwenye bati, na kwa kuwa binti anaishi Raskazone, upepo wa chumvi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Ule mstari ulikuwa na kutu ya kahawia.

Nililisugua boneti lile mpaka bati, nikalipuliza upya kwa mikono yangu, na sikumlipisha mtoto wangu. Bado linaniuma. Klia ya kiwandani ina maikroni 40 au 50 tu. Wembe hauhitaji nguvu kuipita, unahitaji mkono uliochoka saa 11 jioni unaotaka kumaliza kabla ya magharibi.

Ndiyo maana kazi ya siku moja, uani, ya huyo rafiki wa shemeji inaniogopesha kuliko hata bei yake. Gari zima halifanyiki hivyo. Kwanza lioshwe, litolewe chembe za chuma na lami, lisuguliwe kwa ule udongo maalumu mpaka kiganja kiteleze kama juu ya kioo, na mikwaruzo ipigwe polishi, kwa sababu kitakachofunikwa kitabaki hivyo hivyo miaka yote. Kisha lifutwe kwa spiriti. Hapo ndipo plastiki inalazwa, kwenye maji ya sabuni (wengi hutumia sabuni ya watoto) ili itelezeshwe mpaka ikae mahali pake, na maji yakamuliwe kwa mpira toka katikati kwenda pembeni. Kila punje ya vumbi itakayotua kati ya gundi na rangi inakuwa kipele cha kudumu. Wewe unakaa Sahare, mwanangu. Upepo ukivuma toka baharini na kuku wakipita uani, vipele vitakuwa vingapi? Kazi hii inataka chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji, na taa za kutosha.

Bado kuna bampa lako la Makorora, na hili hujaniuliza ila ndilo la hatari kuliko yote. Rangi ya wiki mbili bado inapumua. Vimumunyisho vinatoka ndani yake, na ukiifungia chini ya plastiki utapata malengelenge, au siku ya kuivua plastiki rangi itaondoka nayo. Ipe siku 30 kwa uchache. Kama ilikaushwa kwa hewa tu bila oveni, kama tunavyofanya wengi wetu huku, mimi husubiri 60. Fundi yeyote kati ya hao wawili aliyeliona bampa hilo na asikuulize limepakwa lini, hiyo ni alama mbaya kwake, awe wa 1,300,000 au wa 4,600,000.

Na gari lenyewe lipimwe. Harrier iliyotumika Japani inaweza kuwa ilipulizwa rangi huko bila wewe kujua. Kipimo cha unene wa rangi ni kidude cha kushika mkononi, mafundi rangi tunacho. Kwenye bati, rangi ya kiwandani ya magari mengi ya Kijapani hucheza kati ya maikroni 90 na 140 hivi. Ukiona 250, pamerudiwa. Ukiona 500 na zaidi, pana puti ya kuzibia mabonyeo chini. Plastiki inaweza kuwekwa hapo, ila muijue mapema wote wawili, msije mkatafutana ubaya baadaye. Bampa halipimiki kwa kidude hicho kwa kuwa si chuma. Zile alama nne za boneti nazo zijazwe rangi kabla, hasa iliyofika kwenye bati. Ukiifunika ilivyo utakuwa umefunga kutu ndani.

Usidhani basi kwamba nakutuma Dar kwa macho yaliyofumbwa. Bei kubwa nayo inaweza kuwa jengo zuri tu na kiyoyozi. Unapita Dar mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo safari ijayo mpitie bila kumpigia simu. Tazama gari analolifanya siku hiyo. Je, anakata kwa mashine kwa vipimo vya gari husika, au kwa wembe juu ya rangi? Kingo anazikunja kuingia ndani ya boneti, au zinaishia juu milimita chache kabla ya ukingo? Polishi imo kwenye 1,900,000 au ni nyongeza? Halafu omba jambo ambalo fundi mbaya hulikwepa: akuonyeshe gari alilolifanya mwaka mmoja uliopita au zaidi. Gari la jana halikwambii lolote, kila kazi ya jana inang'aa. Kwenye la mwaka jana piga magoti, angalia kona za bampa na chini ya taa, pitisha ukucha. Lisogeze juani ulitazame kwa ubavu. Omba pia kipande cha mabaki ya plastiki, uivute uone inarudi, ukwangue kidogo kwa ufunguo, umwagie maji ya moto. Kama ni TPU ya kweli, mkwaruzo utayeyuka mbele ya macho yako.

Waranti ya miaka 7 isikuleweshe. Waranti ya kiwanda huhusu plastiki yenyewe, kugeuka manjano, kupasuka, kubanduka gundi. Kona iliyonyanyuka kwa uvivu na mstari wa wembe ni juu ya fundi, na inafaa viandikwe. Karatasi moja inatosha: jina la plastiki na namba ya rola, vipande vitakavyofunikwa, kingo zitakunjwa wapi, nani analipa wembe ukigusa rangi, na kona zikinyanyuka zinarudishwa bure kwa muda gani. Lipa kiasi kabla, kilichobaki ulipe baada ya kulitazama gari juani, na udai risiti ya EFD. Bila karatasi hizo, hata ukienda kulalamika Tume ya Ushindani utakuwa na mdomo mtupu.

Hapa pia ndipo kijana wa Tanga ana lake la kujitetea. Kona moja ikinyanyuka, Dar ni kilomita 350 kwenda na 350 kurudi. Yeye yuko mtaani. Mimi ningekuwa wewe ningempa nafasi ya haki: maswali yale yale, gari la mwaka jana lile lile, chumba kilichofungwa badala ya uani, na kazi ya mbele tu badala ya gari zima kwa siku moja. Asitake gari zima, atake siku mbili. Akiweza hayo na bei yake ikapanda kufika milioni moja na kitu kwa mbele peke yake, huenda ndiye mtu wako, na shemeji atakuwa amekuletea kheri. Akikataa, au gari la mwaka jana likakosekana, mwambie shemeji hivi: "Sijamkataa rafiki yako. Nimemwomba kazi moja ya kuangalia, hana. Akiipata nitamrudia." Sema mbele ya mke wako, wasikie wote, na usiongeze neno.

Ukienda Dar, jumlisha mafuta na malazi kwenye ile 1,900,000. Unayo laki moja tu ya ziada, kwa hiyo lifanye kwenye safari ambayo kazi inakupeleka hata hivyo. Likimalizika usiliondoe jioni ile ile kuja kulikimbiza barabarani. Mwombe lilale kwake usiku mmoja au miwili gundi ishike. Usilioshe siku 7. Utaona ukungu na vipovu vya maji, vingi huondoka vyenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Kisichoondoka ni vumbi au unywele, na hicho kirudishe. Baada ya hapo waambie vijana wa kuosha magari wasielekeze bomba la presha kwenye kingo, wakae mbali kwa urefu wa mkono, waache sabuni ya unga, na wasifutie mafuta ya taa kuondoa lami, maana yanalegeza gundi. Kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe uoshe siku hiyo hiyo, plastiki inasaidia lakini si chuma.

Bampa lako lilipakwa wiki mbili zilizopita, kwa hiyo hesabu siku 46 toka leo ndipo ufunge miadi. Katika siku hizo pima rangi, jaza zile alama nne, mpitie yule wa Dar, mhoji kijana. Na ukiwa barabarani, liache lori litangulie mita mia moja mbele yako.

Ami wa Gereji